Nyuzi za Kijani na Shangazi Ardis

Jumatatu, 3 Februari
Ijumaa wagonjwa wanakuja kutembelea maabara yetu hapa Duluth. Picha moja tu ya seli itatundikwa ukumbini. Shangazi Ardis, anayetibiwa saratani ya matiti, nimeshamwambia ni yangu. Haijachaguliwa. Wala sijaipiga. Mpinzani wangu ni Renata wa meza ya jirani. Ana mkono mwepesi na, kinachoudhi zaidi, tabia njema.

Jumanne, 4 Februari
Hila! Nimejiandikia zamu ya hadubini siku nzima kwa jina la profesa aliye likizo. Nyuzi za aktini, nilizozitia rangi ya kung'aa, zikawaka kijani ndani ya seli zangu za saratani. Ni protini inayoisimamisha seli, na ndiyo inayoisaidia kujivuta kutoka kwenye titi iende kwingine. Nimezitazama asubuhi nzima. Nimemwita hadi msafishaji azione. Kisha nikabonyeza kupiga picha. Giza tupu. Rangi ile huungua kwa mwanga. Kadiri unavyoitazama ndivyo inavyofifia. Nilishawafundisha hilo wanafunzi mwenyewe.

Jumatano, 5 Februari
Mfa maji haishi kutapatapa. Nimechukua kwenye friji kipande cha kioo chenye seli, kisicho na jina, nikapiga picha upesi, nikaiita "Saratani Ikitambaa". Imechaguliwa! Renata akaikodolea macho, akaniuliza kwa upole seli hizo nimezitoa wapi. Nikasema ni jasho langu. Akasema haya kaka Verlyn, pole na jasho, ila hizo ni seli zake za titi lisilo na saratani, za kulinganishia. Hazitambai popote, zimeshikana bega kwa bega. Hatanishtaki, mradi nibadilishe maelezo kabla ya Ijumaa.

Alhamisi, 6 Februari
Theluji. Sijabadilisha. Nani atajua?

Ijumaa, 7 Februari
Shangazi kaja na kofia ya sufu kwenye kichwa kisicho na nywele, na bakuli la wali wa mpunga mwitu kwa uyoga. Akasimama mbele ya picha. Akasoma maelezo. Akaniuliza kama hayo ndiyo yaliyomo mwilini mwake. Nikaikunja hotuba yangu mfukoni. Nikamwambia ukweli: ni seli nzima, zisizo na ugonjwa, na ni za Renata. Akasema picha za ugonjwa ameonyeshwa mpaka amechoka, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha kile anachokipigania. Akaniita mjinga wake. Akamwomba Renata nakala ya kubandika jikoni. Nikalia. Renata akanipa kitambaa. Tabia njema tena.

Jumatatu, 10 Februari
Shangazi anarudi kwenye dawa kesho, na ameomba picha nyingine ya seli nzima aende nayo. Safari hii itakuwa yangu! Hadubini nimeiandika kwa jina la profesa. Renata kanisihi nipige picha kwanza, mengine baadaye. Nikamwambia dada, unanifundisha kazi? Nyuzi zimetokea, nzuri kuliko zake. Napiga sasa hivi. Ngoja tu nizitazame kidogo.