Nilivyokufa kwa Ajili ya Mashine ya Kufulia

Jumatatu, 1 Oktoba 1956
Ndiyo, mashine ya kufulia! Ya umeme! Irena, mke wangu, kauliza tena na tena kama nina akili timamu. Nikamwambia tulia mama, sinunui, naletewa. Si kuna kile kipindi cha televisheni, "Nani Ana Shida Kuliko Wote?" Wanawake watatu wanasimulia shida zao, watu ukumbini wanapiga makofi, mshale wa kipimo unapanda. Mwenye makofi mengi anapewa alichoomba. Naiweka kwenye chumba cha chini ya nyumba, mtaa mzima unafua kwangu kwa malipo. Baridi ya mji wetu huu wa Buffalo inakuja, nani anataka kufua kwa mkono? Tajiri mimi!

Irena hawezi kwenda. Akisikia uongo anacheka, hata ukiwa wake mwenyewe. Lakini mama yake! Mama Bronia hakosi msiba hapa parokiani, na akianza kulia, wafiwa wenyewe wananyamaza wamsikilize.

Jumanne, 2 Oktoba
Mazoezi na Mama Bronia jikoni. Hadithi: mkwe wake, yaani mimi, kaanguka ngazini, kavunjika mgongo. Kalia mpaka mbwa wa jirani kaitikia! Ila kaongeza eti mimi mlevi. Nikamwambia mama, ulevi hauna makofi. Akasema basi hata mvivu jamani. Tumekubaliana mvivu kidogo.

Jumatano, 3 Oktoba
Siku yenyewe! Mimi na Irena mbele ya televisheni, soseji mkononi. Wa kwanza kaunguliwa na nyumba. Mshale nusu. Wa pili ana mapacha, mume katoroka, mguu mbovu. Mshale karibu mwisho! Kaingia Mama Bronia. Mgongo, machozi, kila kitu sawasawa. Mtangazaji akauliza, pole mama, mgonjwa anaendeleaje? Mama Bronia akamtupia jicho yule wa mapacha. Nalijua jicho lile. Ndilo la kwenye karata, akikataa kushindwa.

Akasema, "Kafa leo alfajiri."

Soseji chini! Ukumbi mzima ukasimama, makofi, vilio, mshale ukagonga mwisho! Tumeshinda! Nikaruka, nikacheza polka na kiti. Irena akazima televisheni.

"Ziggy," akasema, "wewe ndiye uliyekufa."

Ah.

Alhamisi, 4 Oktoba
Nimejificha kwenye chumba cha chini, juu ya lundo la makaa ya kupashia nyumba joto. Mashine inaletwa Jumamosi, pamoja na kamera. Nikionekana kabla, imekwenda. Juu wanawake wa parokia wanaleta pierogi, kabichi, keki. Nanusa tu! Kiwandani wamelia, halafu kazi yangu wakampa Leo Pyrek, jirani. Leo! Mtu anayeshika nyundo kama ua! Timu yetu ya boling nayo imempa jezi yangu.

Ijumaa, 5 Oktoba
Huyo Leo Pyrek kaja na maua. Kakaa kwenye kiti changu, nasikia kinavyolia juu ya kichwa changu. Akamwambia Irena marehemu alikuwa mchapakazi. Irena akaangua kicheko. Yule fala kadhani ni kilio, kampa leso! Akasema mwanamke mzuri hafai kukaa peke yake. Nimeuma mpini wa koleo.

Jumamosi, 6 Oktoba
Imekuja! Nyeupe, inang'aa! Mtaa mzima nje, kamera, mtangazaji, padri anaibariki. Nachungulia kwenye kidirisha cha makaa. Mara Leo, ndani ya jezi yangu, akamshika Irena mkono mbele ya mji mzima. Eti ana neno. Akapiga goti!

Mke au mashine? Nikafikiri. Mashine ile ina hadi taa.

Nikatoka. Vumbi la makaa kichwa hadi miguu. Wanawake wakapiga ishara ya msalaba, padri akaangusha maji ya baraka, Leo akaruka uzio bila kuugusa. Mtangazaji akauliza mimi nani. Nikasema, "Mimi ndiye marehemu, na huyo ni mke wangu!" Makofi! Vigelegele! Kipimo kingekuwepo ningeondoka na gari!

Wakapakia mashine, wakaondoka.

Jumapili, 7 Oktoba
Padri kahubiri juu ya dhambi ya uongo, macho kwangu tu. Kazi yangu nimerudishiwa. Irena hasemi nami. Kasema neno moja tu asubuhi: mbona nilikawia kutoka? Nikamwambia ngazi mbovu. Akacheka. Si kicheko kizuri.

Lakini kosa nimeshaliona! Marehemu alikuwa anajulikana mno. Huko Cleveland kuna kipindi kama hiki, wanatoa jokofu! Sasa wewe unayenisoma kwa siri, huko hakuna anayekujua. Mama Bronia alie, wewe ufe siku chache tu. Kuhusu mkeo usiwe na wasiwasi, nitampelekea maua mwenyewe. Jokofu likija, rafu za juu zako, za chini zangu. Haya ndugu yangu, unakufa lini?