Mtungi Mbovu Kuliko Yote

Jumatatu, 4 Machi

Naapa kuandika yote humu, hata yatakayoniaibisha. Mwalimu wa lugha anasema anayedanganya kwenye shajara anapoteza wino wake mwenyewe.

Nianze na tangi. Liko sebuleni, la maji ya chumvi, lina samaki na matumbawe hai. Ni la Baba. Baba alihama mwaka jana. Tangi halikuhama kwa sababu halipiti mlangoni. Kwa hiyo kila Jumamosi anakuja kusugua mwani kwenye vioo na kubadilisha maji. Mama humfungulia mlango, kisha anakumbuka ana nguo za kuanika. Hata mvua ikinyesha.

Leo Mama ametangaza kwamba tununue mtungi wa kuchujia. Ni bomba nene la plastiki lenye chembe za rangi ya kutu. Pampu inasukuma maji yapite katikati ya chembe, chakula cha mwani kinanaswa humo, vioo vinabaki safi. Baba yako asihangaike tena kila wiki, akasema. Kazi ya kuchagua akanipa mimi, eti nina alama nzuri za sayansi.

Asihangaike tena! Nilienda chooni kulia. Nikarudi na mpango. Nitachagua mtungi mbovu kuliko yote.

Jumanne, 5 Machi

Dukani baada ya masomo. Muuza samaki ni kaka mmoja mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akanionyesha mtungi mkubwa: unaufunga, unausahau miezi. Nikauliza kama ana unaosumbua zaidi. Akanionyesha mwingine, unaofunguka kwa mkono mmoja. Nikauliza kama ana unaovuja. Akavua miwani. Akasema, dada, watu huja hapa kutafuta kitu kizuri. Nikamwambia kila mtu na shida zake.

Akainamia rafu ya chini kabisa. Ulikuwepo! Mwembamba, kifuniko kigumu, chembe zake hugandamana kabla wiki haijaisha. Akasema huo hata mtu aliyemkosea hawezi kumuuzia. Nikasema nifungie huo huo.

Mama aliuona mdogo. Nikamwambia ni wa kisasa. (Uongo. Si niliapa kuandika yote?)

Alhamisi, 7 Machi

Maafa! Alikuja kaka yake Mama. Sisi tunamwita Mjomba Naweza, maana hakuna kitu kinachomshinda mpaka akiguse. Akauona mtungi kwenye boksi. Akasema anaweza. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba chembe huoshwa kwanza. Akasema alianza kushika mabomba mimi sijazaliwa. Akafungua pampu hadi mwisho.

Chembe zikasagana. Tangi zima likawa rangi ya chai kavu. Samaki hawaonekani! Mjomba akasema ni kawaida. Halafu akakumbuka kuna mtu anamsubiri mahali.

Nikampigia Baba. Akaja! Siku ya Alhamisi, na sare yake ya kazi! Akakunja mikono ya shati, akaanza kuchota maji. Mama leo hakuwa na nguo za kuanika. Alileta taulo. Akamshikia tochi. Baba akauliza nani amefanya haya, Mama akajibu kwa neno moja tu: "Naweza." Wakacheka, wote wawili, hadi Mama akakaa chini sakafuni.

Mungu anisamehe. Niliuombea mtungi ule maisha marefu.

Jumamosi, 9 Machi

Baba alikuja mapema. Akasema leo hasugui kitu, leo ananifundisha. Tukakaa bega kwa bega. Chembe huoshwa mpaka maji yatoke meupe. Pampu hufunguliwa kidogo, chembe zicheze polepole kama mchele unaoanza kuchemka. Kifuniko hupakwa mafuta kidogo ili kisishike.

Akaniuliza maswali. Kosa langu liko hapa. Nilijua kabisa natakiwa kuwa mjinga. Lakini Baba akikuuliza huku anakutazama vile, utajibuje vibaya? Nikajibu yote. Akanipiga begani, akasema mwanangu, wewe sasa ni fundi kamili.

Kisha nikamsikia mlangoni akimwambia Mama kwamba kazi zimembana, na kwa kuwa mtoto ameshajua, atakuwa anapita mwisho wa mwezi. Mama akasema sawa. Sawa!

Nimepata alama zote, na nimefeli.

Jumatano, 13 Machi

Mpango wa pili: kusahau. Nilimpigia Baba nikasema sikumbuki kifuniko kinazungushwa upande gani. Akanieleza. Nikasema bado sielewi. Akanieleza tena, taratibu, bila kukasirika, mpaka nikaona aibu.

Mpango wa tatu: kuuacha mtungi ujizibe. Ulijiziba. Lile tumbawe laini, lenye umbo la uyoga, likajikunja likawa dogo kama kifungo. Nilivumilia mpaka niliporudi kutoka shule. Nikaliona, nikavua viatu, nikaosha chembe zote huku nalia, na begi bado mgongoni.

Jioni likafunguka. Mama akafurahi, akalipiga picha, akamtumia Baba. Jibu likaja papo hapo. Safi sana, anaandika. Naona hata mwisho wa mwezi si lazima nije.

Mama alinisomea kwa sauti. Alidhani ni sifa.

Jumamosi, 16 Machi

Vioo vinang'aa. Hakuna mwani hata wa dawa. Kila geti la jirani likilia nilisimama.

Mama aliniona. Akakaa karibu yangu, akasema Baba yako hakuwa anawafuata samaki, alikuwa anakufuata wewe, ila na yeye hajui kuja bila kazi mkononi. Mpigie, akasema. Usiwataje samaki. Mwambie tu unataka kumwona.

Nililia kidogo begani kwake. Mama ana moyo mzuri. Ila mambo ya mitungi hayajui.

Alipoingia jikoni nilichukua simu yake, nikamwandikia muuza samaki hivi: Shikamoo, kaka. Mimi ni yule dada wa mtungi mwembamba. Kwa bahati mbaya mtungi huo unafanya kazi. Naomba unijibu mara tu upatapo ujumbe huu, kabla hujafunga duka leo: je, unao mtungi ambao mtoto hawezi kabisa kuusafisha, hata akifundishwa na baba yake mwenyewe?