Odilia na Keria Yake

Jumanne, 1 Julai 2025

Odilia kanunua baiskeli! Jirani huyu huyu wa ukuta wa pili. Nyeusi, chuma kizito, keria pana kama kitanda cha mtoto. Kapita mlangoni kwangu, kaenda, karudi, eti anatafuta kuku. Kanisalimia kwa Kiha chetu, mwakeye. Sikuitika.

Jioni kaja katekista Anatoli. Jumapili ya mavuno, kasema, Odilia ndiye atakayetangulia maandamano, maana gunia la maharage litakuja kwa baiskeli. Nikamuuliza, na mimi niliyetangulia na kikapu kichwani tangu Odilia anakojoa kitandani? Kasema, bibi, shingo ipumzike. Shingo yangu imemlalamikia lini?

Wivu sina. Kifua tu kinabana nikiiona ile keria.

Alhamisi, 3 Julai

Kasulu mjini. Nimeuza beberu, nikaenda kwa Badru wa baiskeli. Maswali kama polisi! Bibi, unabeba nini? Njia ina mlima? Utapanda au utasukuma? Nikamwambia kila mtu kijijini kwetu Heru Juu anajua gunia linasukumwa, asinipotezee muda. Akaleta nyeusi yenye keria. Kwa gunia na milima yetu, kasema, hakuna kama hii. Nikamwambia hiyo ni ya Odilia. Kasema hapana bibi, hii ni nyingine. Hajaelewa kitu!

Nyuma yake nikaiona. Nyekundu. Gia tele, springi mbele, matairi yenye meno. Badru kasema ni ya vijana, haina keria, utanilaumu. Nimeichukua. Ya Odilia haina gia hata moja.

Ijumaa, 4 Julai

Bomba la katikati liko juu, kitenge hakiruki. Basi, nasukuma. Nimepita kwa Odilia, eti natafuta beberu. Kaibonyeza springi, kasema inapendeza, dada Epifania, gunia utaliweka wapi? Mdomo ule!

Jumapili, 6 Julai

Aibu.

Gunia nililifunga juu ya kiti kwa mipira. Nikampita Odilia njiani, nikawa mbele! Kwaya yote nyuma yangu. Springi inainama kila hatua kama inasujudu. Kwenye mteremko wa kanisa nikavuta gia, watu waisikie. Mnyororo ukaruka, ukakamata kitenge, gunia likaenda peke yake, likapasuka. Kuku wa parokia wakaanza kula sadaka kabla ya misa.

Odilia akasimama, akazoa na mimi, akafunga gunia langu juu ya lake. Keria haikulia hata kwi! Mlangoni akatangaza kwa sauti kwamba haya ni ya dada Epifania. Vigelegele wakampigia yeye. Kwa maharage yangu!

Jumanne, 8 Julai

Kasulu tena. Badru hakucheka, nilimkazia macho. Kakubali tubadilishane. Akaitoa ile nyeusi, akaipangusa vumbi. Mkono wangu ulishafika kwenye keria.

Ndipo nikaiona pembeni nyingine, ya buluu, haina bomba, kikapu kidogo mbele, kengele inang'aa. Badru kasema bibi, humo vinaenea vitunguu tu, nakusihi. Nikaipiga kengele. Mtaa mzima ukageuka.

Ya Odilia haina kengele.

Mwakani magunia abebe yeye, si ana keria? Mimi nitakuwa mbele, napiga kengele watu wapishe.