Viazi vya Bule Ndani ya Bokali

Jumatatu, 3 Machi 2025
Elisabeth, mjane wa marehemu mdogo wangu, amekwenda Komanda kumuuguza binti yake. Ametuachia gunia la viazi, kitu pekee alichotoka nacho alipokimbia vita kijijini kwao Bule. Vimesinyaa, vimeanza kuota. Na amevitandaza dirishani, penye mwanga. Makosa. Mwanga huleta ukijani, na ukijani ni sumu. Mke wangu Débora akasema acha, iko vitu ya wenyewe. Lakini mjane atarudi na njaa. Nimeamua kumwokolea chakula.

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima sufuria kubwa ya presha kwa jirani Laurent. Akauliza, muzee, unapika ama unatengeneza bombe ya kulipuka? Bombe tuko nazo za kutosha huku Ituri. Nikamwelimisha. Kiazi hakina asidi. Maji ya kuchemka tu hayaui vijidudu vya sumu ndani ya bokali, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyofungwa. Mvuke wenye presha ndio unaoviua. Na hapa kwetu Bunia tuko juu sana ya usawa wa bahari, kwa hiyo presha iongezwe. Laurent akapiga miayo.

Jumatano, 5 Machi
Débora kwenye kwaya. Nimemenya, nimeng'oa kila chipukizi, nimekata kila jicho, nimevifunga kwenye bokali na kuvipika kwa presha. Makaa ya wiki nzima yamekwisha. Débora aliporudi hakukuwa na moto wa kupikia. Tumekula mkate mkavu. Hakunishukuru.

Ijumaa, 7 Machi
Vifuniko vimebonyea katikati. Ndiyo dalili ya kazi safi. Laurent amekagua bokali zote, hakuona kasoro, akaondoka bila kuaga. Ushindi.

Jumapili, 9 Machi
Elisabeth amerudi, binti amepona. Parokia imempa kipande cha shamba nje ya mji, na mvua imeanza. Akauliza mbegu yake iko wapi. Nikamwekea bokali mkononi, nikamweleza kwamba hiyo inakaa hata mwaka. Akaigeuza, akaigeuza tena. Akasema polepole, shemeji, weye ulipika shamba yangu.
Kumbe kule Bule mbegu huoteshwa hivyo, penye mwanga, kabla ya kupandwa. Kule hakuendeki tena.

Jumatano, 12 Machi
Elisabeth analima kila siku. Hana cha kupanda, analima tu. Jioni amekula viazi vyangu, ameinamisha kichwa. Nikauliza ladha. Akasema ni ya kwao.

Alhamisi, 13 Machi
Wakimbizi wenzake wamemchangia mbegu za maharagwe. Débora amezificha chini ya kitanda. Nimezikuta nikitafuta kandambili. Zina matundu ya wadudu. Nimejichunguza kwa uaminifu, na kosa langu nimeliona: sikumweleza Elisabeth mapema. Safari hii nitamweleza kila kitu, hatua kwa hatua, mara tu atakapotoka shambani. Maharagwe nayo hayana asidi. Nimeshayaloweka.