Idara ya Maoni Rasmi na Tamthilia ya Mheshimiwa

Siku moja kabla ya Ramadhani, Wizara ya Burudani na Utulivu wa Jamii ilitangaza kwamba maoni yamekamilika. Kuanzia hapo, mwananchi yeyote wa Kairo mwenye la kusema kuhusu tamthilia, filamu, wimbo au mchezo wa kompyuta asijisumbue tena kufikiri. Atapewa maoni na Idara ya Maoni Rasmi, bure kabisa, tena kabla hajaona kitu chenyewe.

Mkurugenzi wa Idara alikuwa Bwana Wagih, mtu mnyoofu aliyeamini kwamba shida zote za nchi zinaletwa na watu kuongea kwa pamoja. Akachapa kazi. Tamthilia zote za mwezi mtukufu zikapata maoni yao: "Inaridhisha." Filamu: "Watu wameonekana." Zile nyimbo za harusi zinazopigwa kwenye bajaji za mtaa wa Shubra: "Sauti ipo." Vijana wa mpira wa kompyuta nao, hata mtu akichapwa mabao saba, walitakiwa wasimame, washikane mikono na kutamka kwamba matokeo yameridhisha pande zote.

Watu wakatii. Hilo Wizara haikuwa imelipangia bajeti. Mkahawani kwa Haji Zaghlul, ambako kila Ramadhani wanaume walitoana mishipa ya shingo kubishania kama mjane fulani wa tamthilia alijua mumewe yu hai, sasa walivuta shisha, wakacheza dhumna na kutazama matangazo. Wagih alipopita kukagua akawauliza wanaionaje tamthilia ya leo. Haji Zaghlul akamjibu kwa adabu kwamba wao wanatazama tu, mambo ya kuona wameiachia serikali.

Balaa lilikuwa nyumbani. Mkewe, Inshirah, ndiye aliyekuwa mtazamaji wa kuogopwa kuliko wote pale kwenye jengo. Alikuwa akikaanga huku anaichungulia televisheni kupitia mlango wa jikoni, anamchambua mwigizaji kuanzia kope mpaka kisigino, na jirani wa chini anapunguza sauti ya televisheni yake ili amsikilize yeye. Wagih alimwoa kwa ajili ya mdomo ule, ingawa kwa wakwe alitaja heshima na dini. Sasa mdomo umefungwa. Akimuuliza supu vipi, anaambiwa inaridhisha. Akimuuliza kama amenuna, inaridhisha. Mtu mzima akajikuta anafuturu na redio.

"Mama Karima," akambembeleza siku moja, "hapa tuko wawili tu. Sema hata neno."

"Baba Karima, mimi ni mke wa Mkurugenzi. Nikiivunja sheria mimi, nani ataishika?"

Na hapo mwenye Wizara, Mheshimiwa Waziri Shawkat, alikuwa hajaanza kulia. Kumbe Mheshimiwa alikuwa ameandika tamthilia yake mwenyewe, kwa jina la shemeji yake, inayomhusu afisa wa usalama asiyevua miwani ya jua hata akilala. Na kama ilivyo kawaida pale mjini, vipindi vya mwisho vilikuwa bado vinapigwa picha huku vya mwanzo vinarushwa. Mwandishi anasikiliza watu wanapiga kelele gani, anarekebisha. Safari hii hakuna kelele. Watengenezaji wa samli wakaondoa matangazo yao, wakasema wao hawatangazi biashara makaburini.

Waziri akamwita Wagih ofisini, akafunga mlango.

"Nitafutie mtu mmoja anitukane," akasema. "Mmoja tu. Lakini awe anajua kutukana."

Wagih akamkumbusha sheria. Waziri akasema hii ni dharura ya kitaifa, akatia saini kibali cha jioni moja.

Wagih alimjua mmoja tu; kesho yake Waziri akaja kufuturu kwake, na sinia la katayef, maandazi ya Ramadhani yaliyojaa karanga. Inshirah akakisoma kibali mpaka mwisho, akajifuta mikono, akaanza. Alisema shujaa anaongea kama tangazo la kukatika maji. Alisema mjane wa tamthilia hiyo anaoka mikate na viatu vya dhahabu, na unga haumgusi. Waziri akawa anaandika, uso umemng'aa kama bwana harusi.

"Ila ubaya mkubwa, Mheshimiwa, haina mjinga. Watu wameshinda na njaa, wanataka wa kumcheka. Mtie mkubwa mmoja, tumbo mbele, mhuri mkononi, anayekataza watu kupiga chafya bila ruhusa."

Waziri akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyo namjua," akasema. "Yuko Wizara ya Umwagiliaji."

Kibali kikaisha. Inshirah akanyamaza, akaondoa vyombo.

Mkubwa wa chafya alipotokea kwenye televisheni, Shubra nzima ilitikisika. Hakuna aliyetoa maoni. Walicheka tu, na kicheko hakikuwamo kwenye sheria. Kwa Haji Zaghlul viti vilifika katikati ya barabara. Samli ikarudi mbio. Mwigizaji naye, kwa ubunifu wake, bila kuagizwa na mtu, alikuwa anakohoa kidogo kabla ya kila sentensi, kama afanyavyo Mheshimiwa.

Simu ya Wagih ikalia. Ni Waziri, amemkuta dereva wake mwenyewe amekaa chini, anafuta machozi ya kicheko.

"Wagih, yule ni mimi. Takataka gani hii? Tamthilia mbovu, ya kipumbavu, haina kichwa wala miguu. Aliyeandika afungwe."

Inshirah akapunguza sauti ya televisheni, akamgeukia mumewe, akangoja. Wagih akajua kwamba akiomba radhi kwenye simu ile, atafuturu na redio mpaka anaingia kaburini.

"Mheshimiwa," akasema, "hayo ni maoni?"

Wagih akavuta karatasi na kalamu.

"Nauliza kwa sababu Idara haijayatoa. Wewe ndiye mkosaji wetu wa kwanza tangu sheria ianze. Naomba jina kamili."

"Wagih, jina langu unalijua."

"Nalijua, Mheshimiwa. Lakini sheria yako inataka mkosaji alitaje mwenyewe."

Waziri akakohoa kidogo, akaanza kulitaja, la kwake, la baba yake na la babu yake. Inshirah akaangukia kochi kwa kicheko, na bila kibali, bila hata kushusha sauti, akamwambia mumewe:

"Baba Karima, huyu wa kwenye simu anaigiza vizuri kuliko yule wa kwenye televisheni."