Simu Apokee Katibu

Jumatatu, 3 Machi
Dada wa ofisi ya wakala wa ajira kanipigia mara tatu. Sikupokea! Miezi minane natembeza bahasha za maombi, halafu nidake simu mlio wa kwanza kama mwenye shida? Nafasi ni ya mtunza ghala. Naitaka mpaka usingizi umekatika. Ndiyo maana lazima nijitie hamnazo. Mtu anayetakiwa ana katibu. Na mimi ninaye: Baba. Miaka thelathini na moja alipokea simu hospitalini. Tangu astaafu anaongea na redio tu. Nimemkabidhi simu yangu. Maelekezo: aseme niko kikaoni.

Jumanne, 4 Machi
Baba kafunga tai. Kupokea simu, sebuleni! Mimi nimejibanza jikoni, kikao changu ni mimi na sufuria mbili. Dada wa wakala kapiga saa tatu. Baba kamsalimu taratibu, kampa pole ya kikohozi, kaandika jina na saa kwenye daftari. Kisha wakacheka. Sijamsikia Baba akicheka tangu mwaka jana. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikitamani simu isikatwe. Kaahidi nitapiga kabla ya saa kumi. Sikupiga. Waningoje kidogo, thamani ipande.

Jumatano, 5 Machi
Nimeumbuka. Baba kaona daftarini hakuna alama kwamba nimejibu. Kapiga mwenyewe kuomba radhi, kwa kuwa ahadi aliitoa yeye. Nilisikia kila neno nyuma ya mlango.
"Nisamehe, binti yangu. Mimi si katibu, ni baba yake. Hana maringo. Anaogopa kukataliwa tena, basi."
Nilitaka kukasirika. Machozi yakanitangulia, na wala sikuwa namenya vitunguu.
Kazi ya ghala imekwenda jana jioni, kwa aliyerudisha simu. Ila tumeitwa Ijumaa. Wote wawili!

Ijumaa, 7 Machi
Nilijua tu. Wameona ukubwa wangu, wananitaka pamoja na katibu wangu. Baba kanipigia shati pasi, kola mara mbili.
Ofisini Baba kapewa kiti cha mto. Mimi stuli, pembeni ya mashine ya fotokopi. Wanamtaka Baba! Asubuhi tatu kwa wiki, awafundishe wapokezi wao kuongea na watu kwenye simu. Kabla ya kukubali, kauliza, "Na kijana wangu?" Dada wa wakala kasema jina langu bado analo, nafasi ikitokea atapiga. Nipokee tu.
Wivu ulinikaba mpaka katikati ya ngazi. Hapo Baba akanishika mkono, kama alipokuwa akinipeleka shule. Akaongea njia nzima. Nampenda mzee huyu, na leo nimefurahi kweli.

Jumatatu, 10 Machi
Baba kaenda kazini na tai yake. Kaniachia simu juu ya daftari, na kikaratasi: "Ikilia, pokea. Shukuru. Ukiahidi, timiza." Nimekikunja vizuri, nimekiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.
Saa tano simu ikalia. Dada wa wakala! Nikaitazama ikilia mpaka ikanyamaza.
Atapiga tena. Mtu mwenye katibu hajipokelei simu, na katibu wangu anatoka kazini saa saba.