Mwanya wa Rhoda

Jumanne, 1 Julai 2025

Simeo, ukome! Kunicheka mbele ya wateja, eti bibi kanunua kamera ya kulindia mahindi! Nimelea watoto sita kwa kukata mkonge. Nitashindwa kubonyeza?

Studio yake iko hapa Manundu, mlango wa pili kutoka kwangu. Pazia ni lilelile, lenye maporomoko ya maji. Nusu ya Korogwe wamepigwa picha pale, na hakuna aliyelowa.

Katekista Isaka kaniambia, kwa ufizi wake mtupu, kwamba kipaimara cha mwezi ujao kina watoto sitini na mpiga picha hajachaguliwa. Kwanza anataka kuona kazi. Vizuri! Jumamosi ni sendofu ya kumuaga bi harusi Rhoda, binti wa binamu yangu wa Kang'ata. Nitapiga mimi. Isaka ataona kazi.

Jumatano, 2 Julai

Kumbe picha ikitoka kwenye kamera bado mbichi. Lazima ipikwe. Edna, mjukuu wangu wa saluni, kaniwekea programu mbili nichague. Nikazipima kwa sura yangu.

Ya kwanza ina vijiti vya kusogeza: mwanga, kivuli, rangi. Edna anasema ndiyo ya mafundi, kuijua ni mwezi mzima, ila sura inabaki ya mwenyewe. Nikasogeza saa nzima. Ikanionyesha mimi. Nani kaiomba?

Ya pili ni mguso mmoja. Mikunjo, kwisha! Kovu la panga, kwisha! Nikatokea binti wa kuposwa. Edna akasema, Bibi, huyo si wewe. Nikamuuliza atajuaje, na yeye enzi hizo hajazaliwa.

Nimechukua ya pili.

Alhamisi, 3 Julai

Nimekwenda Kang'ata kumpiga Rhoda picha ya bango. Litatundikwa barabarani, wakwe kutoka Dindira waione nyumba. Binti mweusi tii, akicheka mwanya unakuja mbele kabla yake. Nikagusa mara moja. Uso ukang'aa kama sahani mpya.

Nikamtumia Edna. Akapiga simu, eti niitazame vizuri kabla ya kuchapisha. Nimetazama watu miaka sabini na moja, inatosha. Limechapishwa Handeni mjini jioni hiyohiyo.

Jumamosi, 5 Julai

Aibu! Saa saba ubwabwa umeiva, wakwe hakuna. Saa tisa hakuna. Saa kumi simu inalia: wako vijiji viwili mbele! Waliona turubai, wakashuka kwa vigelegele. Kumbe hitima ya watu!

Aliyemwamuru dereva apitilize kwetu ni Mashavu, shangazi wa bwana harusi. Bango aliliona vizuri sana. Akasema huyu si wetu, wetu ni mweusi na ana mwanya. Mwanya ule ndio uliomtoa kijana wao milimani, hawakushuka kutoka Dindira kufuata meno yaliyozibwa kama ukuta.

Nikalitazama bango. Kweli. Umezibwa.

Rhoda kalia mpaka wanja ukafika kidevuni. Wakwe walipofika, Mashavu hakusalimia mtu. Alimwambia binti acheke kwanza. Alipouona mwanya ndipo akapiga kigelegele. Mimi kaniambia nikimwelekezea kamera ataikanyaga.

Jumapili, 6 Julai

Simeo habari kaipata kabla ya misa. Kanipa shikamoo ndefu, kisha akauliza kama hitima nayo niliipiga picha. Wakati wa sadaka nilimkanyaga kidole.

Isaka akataka kuona picha za sendofu. Nikasema bado zinapoa. Akasema basi, nimpige yeye mwenyewe kesho. Akijipenda, kipaimara changu. Asipojipenda, cha Simeo.

Edna ananisihi nirudi kwenye ile ya vijiti. Mwezi mzima nasogeza, Simeo anakula sahani yangu! Hapana. Kosa nimeshalijua. Mguso hauna kosa. Kosa ni kuziba mwanya wakati watu wanautaka. Na Edna mwenyewe kaponyokwa, kasema iko programu nyingine, mguso mmoja, inaweka mwanya kwa yeyote. Watoto sitini, mianya sitini! Mashavu atakuja kuniomba msamaha.

Edna, iweke hiyo leo. Na huyo Isaka kesho, mpe meno kwanza, halafu ndipo umtie mwanya.